Mlango wa Bi Vituko

"Mama amelala chini. Nimemwita, haamki."

Na hapo hapo nikawaacha, wasomaji wangu, nikaenda zangu. Najua kuna mlionilaani wiki nzima. Mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama nina moyo au nina jiwe. Haya, nimerudi. Kaeni vizuri.

Kama ndiyo kwanza unashika gazeti hili, usihangaike. Wazazi Tusiolala ni kundi la simu, baba na mama waliokutana humo kwa humo, hawajuani kwa sura. Wanalalamikia watoto wasiotaka kuoga, wanachekana, wanapeana pole. Anayewachekesha kuliko wote ni Bi Vituko, mama anayelea binti yake peke yake. Binti anaitwa Kidoti, kwa ajili ya alama ndogo nyeusi iliyo shavuni mwake. Hajui kusoma, miaka mitatu na kidogo, lakini mama yake alimfundisha kubonyeza kile kialama cha sauti awasalimie "shangazi na wajomba wa kwenye simu".

Mchana ule kundi lilikuwa linamcheka Baba Breki, dereva wa lori. Mwanawe alikuwa amemwambia mwalimu kwamba baba amefariki, kusudi asiulizwe kazi ya nyumbani.

"Mwalimu kanipigia kutoa pole," Baba Breki alisema. "Nikapokea mwenyewe. Nikamwambia asante, tumempumzisha salama."

Watu wakafa kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho ndipo sauti ya Kidoti ilipoingia.

Sindano aliisikia akiwa kazini. Huyu ni fundi wa nguo, mama wa mtoto mmoja, na jina hilo kundini alipewa kwa sababu ya kazi yake na ya ulimi wake. Mbele yake alisimama bibi harusi mtarajiwa, gauni limejaa pini kiunoni.

"Usitikisike," Sindano alimwambia, huku yeye mwenyewe akitetemeka.

Aliisikiliza tena. Halafu akabonyeza, akajikaza sauti isivunjike.

"Kidoti mwanangu, ni shangazi Sindano. Mama ameanguka?"

Mtoto akajibu: "Ameanguka puu. Amelowa maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kwenye uso."

Nesi, ambaye ni nesi kweli na alikuwa zamu katika mji mwingine kabisa, hakusubiri. "Hilo ni jasho," alisema. "Bi Vituko ana kisukari. Sukari imemshuka. Jamani, huyu mtu anatutoka!"

Mtakumbuka mwenyewe alivyokuwa akifanya utani na ugonjwa wake. Alikuwa akisema ana sindano mbili maishani, moja iko kwenye friji, ya pili iko kundini, na zote zinachoma. Watu walicheka. Nani alijua?

Simu zikaanza kumiminika kwa Bi Vituko. Kila mtu akapiga. Na kila ilipoita, mtoto alishtuka akalia, maana kioo cha simu ile kilipasuka zamani, ilidumbukia kwenye beseni la nguo, na tangu hapo kupokea simu ilikuwa bahati nasibu hata kwa mwenyewe.

"Acheni kupiga!" Sindano alifoka. "Mkipiga mnamziba mdomo. Mwacheni aongee!"

Simu zikakoma. Kundi lote, watu karibu mia, likanyamaza kama darasa mwalimu akiingia.

"Kidoti, fungua mlango, mwite jirani."

"Siwezi. Komeo liko juu kule."

Sindano akafumba macho. Alilijua komeo lile. Walilicheka wote, siku Bi Vituko alipolifunga juu kabisa kwa sababu Kidoti alikuwa ameshatoroka mara kadhaa kwenda kucheza na mbwa wa watu.

"Basi chukua sufuria na mwiko, nenda dirishani, piga kwa nguvu. Piga, piga, piga!"

Sauti iliyofuata ilikuwa ni kelele tupu. Bati, chuma, bati, chuma. Sindano alisikia moyo wake ukipanda na kila pigo. Halafu, kwa nje, mtu akasikika! Mwanamke! Mtu mzima!

"We mtoto wewe! Kila siku sufuria, kila siku sufuria! Mama yako hana kazi ya kukupa?"

Na hatua zake zikaondoka.

Nesi alilia waziwazi, kazini, mbele ya wagonjwa.

"Shangazi," Kidoti akasema, sauti imekuwa ndogo, "yule amekasirika."

"Hajakukasirikia wewe, mama. Umepiga vizuri."

Baba Breki naye akaingia, anahema. "Nimepiga polisi. Wameniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Bi Vituko. Wakaniuliza anakaa wapi, nikasema sijui. Mimi ni nani wake? Nikasema tunachekaga naye. Wamenikatia!"

Hapo ndipo wote walipoona kitu ambacho kwa miaka hawakukiona. Walijua rangi ya kanga anayolalia Bi Vituko. Walijua anaogopa mende na anapenda kuimba akiosha vyombo. Jina lake hakuna aliyelijua. Mtaa wake hakuna aliyeujua. Na haikuwa bahati mbaya. Alificha kwa makusudi.

Sababu alishaisema mara moja tu, siku moja alipokuwa hana utani. Baba yake Kidoti aliwahi kumchukua mtoto angali ananyonya, akaondoka naye bila kuaga. Bi Vituko alimtafuta mpaka matiti yakavimba kwa maziwa. Alipompata mwanawe, alihama mji na kubadilisha namba. "Yule mtu akiujua mlango wangu," aliliambia kundi, "mimi nahama tena, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa miguu."

"Nesi," Sindano aliita, "tufanyeje sasa hivi? Sasa hivi!"

"Sukari. Apakwe kidogo tu, ndani ya shavu. Asimwagiwe maji mdomoni, atapaliwa. Na alazwe ubavu."

"Kidoti, sukari iko wapi?"

"Mama ameificha. Mimi mwizi."

Msomaji, Sindano alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo, bibi harusi akimkodolea macho kwenye kioo. Alicheka kwa sababu alijua. Juzi tu Bi Vituko alijisifu kundini kwamba safari hii amemweza binti yake, sukari ameifukia mahali ambapo mwizi wake hawezi kupawaza.

"Kidoti, nisikilize. Fungua ndoo ya unga. Ingiza mkono mpaka chini."

Walisubiri. Lori la Baba Breki lilikuwa limesimama kando ya barabara, watu nyuma yake wanapiga honi, hasikii.

"Nimeipata!" Kidoti alipiga kelele. "Ilikuwa imejificha!"

"Usile wewe. Chovya kidole. Mpake mama ndani ya shavu, taratibu, kama unavyompaka mdoli wako mafuta. Umempaka?"

"Nimempaka. Na mimi nimelamba kidogo."

"Lamba, mwanangu. Sasa msukume mama alale ubavu."

"Mzito."

"Vuta mkono wake. Vuta kwa nguvu zako zote."

Kukasikika mguno wa mtoto, kitu kikaburuzika, na halafu, kwa mbali sana, mtu mzima akakoroma. Mkoromo mmoja. Kundi zima liliusikia.

"Anapumua," Nesi alisema. "Lakini hiyo sukari ni ya kuombea muda tu. Lazima afike hospitali. Mtafuteni!"

"Kidoti, panda dirishani. Unaona nini?"

"Naona nguo."

"Nini kingine?"

"Geti la bluu. Tairi liko juu ya geti. Na mbwa wangu wa kahawia."

Geti la bluu na tairi! Dunia ina mageti mangapi ya bluu? Baba Breki alianza kuyataja aliyoyaona maishani mwake, akaambiwa anyamaze.

Na hapo ndipo Mama Mapacha alipoandika.

Huyu kila mtu alimpenda. Ndiye aliyekuwa anaamka kumpa pole mtu ambaye mwanawe ana homa. Ndiye aliyekumbuka siku za kuzaliwa za watoto wote. Alikuwa wa kuandika tu, hakuwahi kutuma sauti hata mara moja, alisema pacha wake wana usingizi wa paka. Mchana ule wote alikuwa kimya. Sasa aliandika:

"Mtaa wake naujua. Nyumba siijui. Hizo alama zinatosha. Naenda."

Watu walilipuka kwa dua na shukrani. Mama Mapacha, Mungu akupe! Mama Mapacha, kimbia!

Sindano peke yake hakushangilia. Aliandika: "Mtaa gani? Utaje, na sisi tuje."

Hakujibiwa.

Akapiga. Simu iliita kidogo, ikapokelewa. Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabara na mtu anayekimbia.

"Mama Mapacha?"

"Dada, usikate," ilisema sauti. Nzito. Ya mwanamume.

Sindano alishika meza ya cherehani.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye Mama Mapacha. Sina pacha. Nina mtoto mmoja tu, na ndiye huyo anayepiga sufuria."

Jamani.

Yule mwanamke aliyewapa pole wote, aliyejua siri za wote, alikuwa ndiye mtu ambaye Bi Vituko alimkimbia. Alikaa humo tangu kundi lianze. Aliyasoma yote, ya kucheka na ya kulia. Bi Vituko alikuwa akimwandikia pembeni, akamweleza mtaa aliohamia, kwa kuwa alimwamini kuliko dada zake wa tumbo moja.

"Mshenzi wewe," Sindano alisema kwa sauti ya chini.

"Nitukane baadaye. Nilihamia karibu ili nimsikie mwanangu anavyokua. Sikuwahi kumfuata. Nyumba sijui ni ipi, na mtaa ni mrefu. Umesikia mwenyewe mama yake anavyokoroma. Mimi niko karibu kuliko mtu yeyote."

"Nitajie mtaa. Niwape polisi."

"Polisi hawa hawa waliomkatia simu Baba Breki? Dada, mama wa mwanangu anakufa!"

"Nitajie mtaa, mwanamume!"

Sindano alimsikia akihema. Halafu mwanamume akautaja. Ulikuwa mtaa wa mji ule ule aliokaa Sindano. Miaka yote ile Bi Vituko alikuwa anamchekesha kutoka ng'ambo ya soko.

"Sasa umeujua," mwanamume alisema, na sauti yake ikapasuka. "Ukitoka huko ulipo utakuta maiti. Mimi nishafika mtaani, nimesimama. Kuna mageti matatu ya bluu kwa macho tu, na tairi silioni. Muulize mtoto kingine. Kimoja tu. Nakuomba kama ndugu."

Fikirieni mngekuwa ninyi. Ukimwelekeza, umemfungulia mlango mtu ambaye rafiki yako alihama mji kumkimbia. Usipomwelekeza, rafiki yako anakufa sakafuni na mwanawe amekaa pembeni na sukari kwenye vidole.

"Apa," Sindano alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa huyo mtoto. Apa kwamba utampeleka mama yake hospitali, na mtoto hutamgusa zaidi ya kumbeba."

"Naapa."

Sindano akabonyeza kundini. "Kidoti, ukiwa dirishani unasikia nini?"

"Nasikia mashine ya mbao. Inalia nziii."

Akamrudia mwanamume. "Karibu na kiwanda cha seremala. Sikiliza msumeno."

"Nimeusikia!" Na simu ikakatika.

Sindano aliuandika mtaa kundini, akachomoka mbio na utepe wa kupimia shingoni. "Fundi, na mimi?" bibi harusi alilia. "Siwezi kukaa, siwezi kuvua!"

"Simama hivyo hivyo!"

Baba Breki, aliyekuwa mji huo huo siku hiyo, alikuwa ameusoma mtaa kundini, akageuza lori katikati ya barabara kwa matusi ya mji mzima, akamkuta Sindano njia panda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Hawakusalimiana. Alimvuta juu kwa mkono mmoja na kutia gia.

"Huyo mwanamume," Baba Breki alisema alipoelezwa njiani, "mimi nilimweleza mambo ya nyumbani kwangu. Mambo ya ndani, Sindano! Nilimwita dada!"

"Endesha!"

Sauti ya Kidoti ikaingia. "Kuna mtu anagonga. Mama kasema nisimfungulie mtu."

"Usiogope. Kaa mbali na mlango. Kaa kwa mama."

"Ni nani?"

Sindano alibonyeza kile kialama, akakiachia, akakibonyeza tena. "Ni mtu wa kwenye simu," alijibu mwishoni. "Ni Mama Mapacha."

Kilichofuata kundi zima lilikisikia. Teke. Teke lingine. Mbao ikapasuka, mtoto akapiga ukelele, komeo likaanguka sakafuni kwa mlio. Kisha sauti nzito ikasema jina ambalo hakuna mwanakundi aliyewahi kulisikia, jina halisi la Bi Vituko, ikalirudia, ikalirudia, kama mtu anayeita kisimani. Halafu kimya.

Mtu mmoja aliandika "Mungu wangu." Hakuna aliyeongeza.

Ndipo Mama Mapacha alipoandika maneno machache: "Yuko hai. Tunaenda hospitali kubwa."

Lo! Kundi likapasuka. Walilia, walicheka, waliimba. Mmoja akasema ndoo ya unga ijengewe sanamu. Nesi alituma sauti ya kwikwi tupu. Baba Breki aliegesha lori mahali ambapo lori haliruhusiwi, akaweka kichwa kwenye usukani.

Hospitalini Sindano alipita bila kuuliza ruhusa. Alimkuta kitanda cha pembeni, mpira wa maji mkononi, mwanamke mdogo wa umbo, mwembamba, midomo imepauka na unga wa sukari bado uko kwenye kona. Hakuwa na uhakika kama ndiye. Basi akasema tu:

"Mwizi wako ameiona sukari."

Yule mwanamke alifungua macho. "Sindano?" akanong'ona. Akamtazama juu mpaka chini. "Mbona mwembamba hivyo? Kwa maneno yako nilijua ni pipa."

Wakashikana. Walikaa hivyo, kichwa kwa kichwa, hakuna anayejua analia nani.

"Nani alikuja?" Bi Vituko aliuliza. "Nilisikia mlango unavunjwa. Nikasikia mtu ananiita kwa jina langu. Nilikuwa naota, siyo?"

Sindano alimpangusa midomo kwa ncha ya kitenge chake. Alitafuta neno la kuanzia, hakuliona.

"Pumzika kwanza."

"Nitapumzika nikimwona mwanangu. Niletee."

"Yuko hapo nje. Namleta."

Alitoka ukumbini. Kwenye benchi walikaa mzee mwenye bandeji na mama mwenye mimba. Akatazama mlangoni, akatazama chooni. Akarudi kwa muuguzi wa mapokezi, anajaribu kutabasamu.

"Samahani, dada. Yule mgonjwa wa sukari, alikuja na mwanamume na mtoto wa kike. Wameketi wapi?"

Muuguzi alimwangalia kwa mshangao. "Yule? Yule kashushwa na dereva wa teksi, shangazi. Alikuwa peke yake. Dereva alisema kuna mwanamume alimpakia mlangoni kwake, akamwambia awahi, yeye anamfuata nyuma na mtoto."

"Na amefuata?"

"Hajafika mtu."

Simu ya Sindano ikatetemeka mkononi. Hakutaka kuitazama. Akaitazama. Kundini, chini ya vicheko na dua zote zile, kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu ambao simu huuandika yenyewe:

*Mama Mapacha ameondoka kwenye kundi.*

Na kutoka ndani, kwa sauti dhaifu ambayo kwa miaka iliwachekesha wote, Bi Vituko aliita:

"Sindano! Mbona humleti?"